Kinyozi Aliyepima Mawe kwa Ukucha

Marehemu, ambaye karibu wote mliokusanyika hapa mlimwita Kinoo, alizaliwa Jumapili tarehe 11 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshona magodoro. Jina lake la cheti limo kwenye jalada la ratiba hii. Familia imeliandika kwa sababu sheria inataka hivyo. Kama mngemwita kwa jina hilo barabarani, angeendelea na safari yake.

Mama yake alipenda kusimulia kwamba watoto wengine waliokota mawe ili warushe, lakini huyu wake aliyaokota ili ayaangalie. Jambo hilo lilimtia mama wasiwasi zaidi kuliko kama angevunja madirisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza Novemba 1966, akiwa wa kumi na tisa katika darasa la wanafunzi arobaini na wanne. Nafasi hiyo aliitaja mara nyingi, bila majivuno wala aibu, kama mtu anayetaja urefu wake. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu alimpa jukumu la kuchonga penseli za darasa zima. Kufikia mwisho wa muhula darasa hilo lilikuwa na penseli zenye ncha nzuri kuliko zote shuleni, na hakuna iliyozidi urefu wa kidole cha mwisho. Ripoti yake ya mwaka ule bado ipo. Imeandikwa: "Ana bidii. Hajui pa kuacha."

Februari 1967 alipelekwa kwa mjomba wake, kinyozi, akajifunze kazi. Mwaka mzima hakugusa uso wa mtu. Alinoa. Mjomba mtu alikuwa na msimamo kwamba kunyoa kunaweza kufundishwa hata kwa mtu mjinga, mradi awe mpole, lakini kunoa hakufundishiki. Unamweka mtu karibu na jiwe, unasubiri, na yakimwingia yamemwingia.

Kwa wasioijua kazi hii, na familia sasa imethibitika kuwa miongoni mwao, wembe wa kukunja haunolewi kwa jiwe moja. Jiwe la kwanza lina chembe kubwa. Linarudisha umbo la makali. La pili lina chembe ndogo. Linafuta mikwaruzo ya la kwanza. La tatu linafuta mikwaruzo ya la pili. Kisha wembe unapitishwa kwenye ukanda wa ngozi, na hapo ndipo unapoweza kuuweka kwenye shingo ya mtu mwenye watoto. Mawe mawili ya kwanza yanatengenezwa kiwandani na yanauzwa madukani. La tatu, kwa imani ya marehemu, halitengenezwi na mtu. Linatoka ardhini, na ardhi haiulizi unalihitaji lini.

Alilipima jiwe kwa ukucha wa kidole gumba. Aliukokota ukucha taratibu juu ya jiwe, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza mtoto akisema uongo. Halafu alilipulizia pumzi na kuangalia ule unyevu unachukua muda gani kupotea. Halafu alilishika kwa ncha za vidole na kuligonga. Jiwe lenye ufa ndani halijibu. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi walimfahamu sana. Aliweza kusimama kwenye rundo la mawe kwa saa nzima, akakataa yote, akashukuru, akaondoka.

Tarehe 5 Agosti 1974 alifungua duka lake mwenyewe la kunyolea, chumba kimoja katikati ya fundi redio na mpiga chapa. Kilikuwa na viti viwili. Kimoja cha kunyolea, na kwenye kingine hakuwahi kunyolewa mtu; kilikuwa cha yeyote aliyekuja kubishana. Alikuwa na jiwe la kwanza na la pili. La tatu hakuwa nalo. Kila Jumamosi alikwenda na nyembe zake zimefungwa kwenye taulo hadi kwa mjomba, akaazima lake kwa saa moja, na mjomba alimkalia pembeni muda wote, akisema anapumzika.

Siku moja mwaka 1975 binti mmoja, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alivuka kumletea mkasi anoe. Marehemu alimjibu kwamba mkasi si kazi yake. Yule binti akamwambia basi ajue kazi yake ni nusu, akavuka kurudi. Marehemu alieleza baadaye kwamba alikaa wiki mbili akitafuta jibu, na aliposhindwa kulipata akaamua amwoe.

Aprili 1976 alikwenda kwa wazazi wa binti, akiongozana na mjomba wake. Mdogo wa binti, wakati huo kijana wa miaka kumi na minane na leo ndiye shemeji anayewasomea wasifu huu, alikuwepo, kwa hiyo yafuatayo si ya kuambiwa. Mgeni aliwekwa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Mlango ule ulikuwa na tabia ya kujibamiza, na kwa miaka mingi ulizuiwa kwa jiwe la kijivu, bapa, refu kama kiganja na vidole vyake. Mjomba alianza maneno. Aliyaanza vizuri. Alipofika mahali pa kumsifu mpwa wake kwamba ni kijana makini, wote waligeuka kumwangalia kijana makini, wakamkuta ameinama chini ya kiti, anakwaruza kizuizi cha mlango kwa ukucha.

Baba wa binti alimwacha kwanza amalize kulipulizia pumzi.

"Kijana," akamwuliza, "umekuja kuchumbia binti au mlango?"

"Binti ndiye aliyenileta, mzee," alisema marehemu. "Jiwe nimelikuta hapa hapa."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Juni 1976. Jiwe lilitangulia kwa siku tatu. Mlango ule ulijibamiza kwa miaka thelathini na mmoja, hadi nyumba ilipouzwa, na kila ulipojibamiza mzee alisema, "Mkwe wangu ananoa."

Ndoa yao ilijaliwa binti, mwaka 1978, na mwana wa kiume, mwaka 1982. Haikuwa nyumba ya kelele. Mama alishona chumba cha mbele, baba alinoa barazani, na watoto walikua katikati ya sauti hizo mbili bila kujua kwamba kuna nyumba nyingine zinazokaa kimya. Jiwe la tatu lilikaa kwenye kipande cha flaneli alichokishona mama, ndani ya kabati, rafu ya juu, mahali ambapo familia nyingine huweka hati za nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Marehemu mwenyewe alilipa matone mawili ya maji, mara nyingine mate, kamwe si zaidi, na alipomaliza alilifuta kama unavyomfuta mtoto pua.

Alifanya kazi ile miaka arobaini na mmoja. Aliwanyoa mabwana harusi, mahakimu, na wagonjwa waliolala ambao hawakuweza kumfuata, ambao aliwafuata yeye. Hakuwahi kumtoa mtu kwenye kiti akiwa na shavu la kukwaruza, na kama mtu alikuwa na haraka, alimshauri arudi siku ambayo hana.

Jumatano tarehe 14 Oktoba 2015, akimnyoa mwalimu mkuu mstaafu, alimkata chini ya sikio. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Mwalimu mkuu alisema si kitu, endelea. Marehemu aliendelea, akamaliza, akampaka dawa, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akaurudisha wembe kwenye ala yake, akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya kioo, akauangalia ukicheza. Hakumnyoa mtu tena. Hakuna aliyemwambia aache. Mwalimu mkuu hata alirudi wiki iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha wabishi, akabisha, lakini haikusaidia.

Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba hauponi, na kwamba kuna dawa. Dawa ilimpa mikono yake kwa saa moja na nusu kila asubuhi. Saa hiyo na nusu marehemu hakuitumia kula wala kuvaa, mambo ambayo alisema yanaweza kufanywa na mtu yeyote. Alinoa. Mwanawe, ambaye ni kinyozi wa mashine mwenye duka la vioo na taa za rangi, alipita kila asubuhi kabla ya kufungua na kumnyoa baba yake kwa wembe alioutia makali baba mwenyewe. Walitaniana kila siku kwa maneno yale yale. Baba alisema mashine ni ya kukatia majani. Mwana alijibu kwamba angalau wateja wake wanatoka na masikio mawili. Hapo baba alicheka mpaka mwana ikabidi ainue wembe na kungoja.

Mwaka hadi mwaka saa na nusu ikawa saa moja, saa moja ikawa nusu saa. Jumapili moja ya Novemba 2021 alimaliza kunoa, akachukua unywele mmoja wa mkewe, akaushika kwa ncha na kuugusisha kwenye wembe, kama alivyofanya maisha yake yote. Kwa aliyenoa sawasawa, unywele unakatika na kuanguka. Ule ulijipinda tu. Akajaribu mwingine. Mkewe aling'oa wa tatu bila kuombwa. Marehemu aliukunja wembe, akaingia ndani, akakaa mezani na wenzake. Katikati ya chakula alisema ana mambo mawili.

"Msinizike na ndevu," alisema. "Na msininyoe kwa plastiki."

Binti yake, ambaye ni muuguzi na hana subira na maneno ya namna hiyo, alimwambia hakuna anayezungumzia kuzika hapa, ale chakula.

"Nakula," alisema marehemu. "Naagiza huku nakula."

Kwa plastiki alimaanisha vile viwembe vya kutumia na kutupa. Kuanzia siku hiyo alikataa kunyolewa kwa chochote isipokuwa wembe wake, na wembe wake haukuwa na makali, na mtu pekee aliyejua kuutia makali alikuwa yeye. Ndevu zikaanza. Watu wazima wanne wenye afya njema, wawili kati yao wenye vyeti, wakajikuta hawana uwezo wa kumnyoa mzee mmoja.

Shemeji ndiye aliyejitolea kwanza. Ni mkutubi kwa kazi yake, na ana imani, ambayo sasa imepungua, kwamba hakuna jambo lisiloandikwa mahali fulani. Alitafuta kitabu kuhusu mawe ya kunolea, akakisoma chote pamoja na faharasa. Kitabu kilisema mawe yalowekwe hadi mapovu yaishe. Jumamosi tarehe 22 Januari 2022, saa mbili asubuhi, aliyachukua mawe yote matatu, la tatu akalitoa kwenye flaneli yake, akayatumbukiza kwenye ndoo ya bluu, akakaa pembeni kuendelea kusoma. La kwanza lilitoa mapovu. La pili lilitoa mapovu. La tatu lilitoa machache, na kwa kuwa lilionekana gumu kunywa, alilipa muda zaidi.

Mawe ya kiwandani yanapenda maji. Lile la mlangoni lilikuwa limejijenga lenyewe ardhini, tabaka juu ya tabaka, na kwa karibu miaka arobaini na sita lilikuwa halijakutana na zaidi ya matone mawili. Saa sita mchana lilipotolewa kwenye ndoo lilifunguka katikati kama kitabu. Mfano huo ulimjia shemeji pale pale, na hajaacha kuuonea haya.

Marehemu alifika barazani akishikilia ukuta. Aliangalia ndoo, akaangalia vipande.

"Kitabu kilisemaje?"

"Loweka mpaka mapovu yaishe."

"Kilisema jiwe lipi?"

"Kilisema mawe."

Marehemu alilifikiria hilo kwa haki, kama alivyolifikiria kila jambo. "Basi kitabu hakina kosa, shemeji," alisema. "Hakikujua tuna lipi."

Akaomba vipande. Akajaribu kuviweka pamoja, lakini mikono yake haikukubali, na vile vipande viligongana kama meno ya mtu mwenye homa, hadi mkewe alipotoka ndani, akavichukua, akarudi navyo. Lilikuwa jiwe la baba yake. Hakuzungumza na ndugu yake hadi Jumanne, na Jumanne alichomwambia ni kwamba asogeze miguu, anafagia.

Mwana alijaribu gundi. Tabaka nyingine mbili zikabanduka.

Hapo ndipo familia ilipogeuka kuwa watu wa kutafuta mawe. Binti aliyaokota kila alikotumwa kikazi. Mwana aliagiza moja kwa simu, likaja likiwa na picha ya samaki na kisu. Fundi redio alileta kipande cha marumaru kutoka kwa wachonga makaburi, akaomba radhi kwa chanzo chake. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta kigae cha bafuni. Shemeji alileta kumi na moja, kila moja likiwa na maelezo ya maandishi, ambayo marehemu aliyakunja na kuyaweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Alikaa barazani na blanketi magotini, ndevu zimefika kifuani, akipokea mawe kama hakimu anayepokea rufaa. Ukucha, pumzi, hapana. Mwanzoni alitoa na sababu. Hili lina mchanga. Hili linakunywa sana. Hili lingefaa kwa mundu. Baadaye ugonjwa ulipoishusha sauti, alibaki na hapana tu. Baadaye zaidi alibaki na kutikisa kichwa, na kwa kuwa kichwa nacho kilikuwa kimeanza kutetemeka, ikawa vigumu kujua anakataa au anaumwa. Familia ilikubaliana kuhesabu kila mtikiso kuwa hapana. Hatukukosea mara nyingi.

Katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza mkewe. Tuseme ukweli: hakuna aliyekumbuka kwamba ana vidole. Mwanamke aliyekaa miaka hamsini akitambua kitambaa gizani kwa kukisugua, aliyejua hariri ya kweli na ya kuigiza kabla hajaifungua, alikuwa anatupitishia chai huku sisi tukijadiliana kuhusu chembe. Ilikuja kujulikana kwamba kila jiwe lililoletwa alikuwa ameshalipima yeye jikoni kabla halijafika barazani, na yote alikuwa ameshayakataa. Hakusema kwa sababu, kwa maneno yake, wanaume walikuwa wanafurahia.

Agosti 2023 alirudi kutoka dukani na kitu kizito kwenye mfuko, chini ya vitunguu. Kilikuwa kipande cha jiwe jeusi, kinafanana na kigae cha paa, kimekatwa upande mmoja. Alikiweka juu ya blanketi la mumewe, akasimama.

Marehemu alikokota ukucha. Mkono ulikuwa unacheza, kwa hiyo alikokota mara tatu, nne. Aliomba kwa ishara alipuliziwe pumzi, kwa sababu yake ilikuwa haifiki. Mkewe alipulizia. Wakaangalia wote wawili ule unyevu ukikaa, ukikaa, halafu ukiondoka.

"Umelitoa wapi?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti.

"Kwa fundi sakafu. Alikuwa analitupa."

"Nani alikuchagulia?"

"Nani anichagulie? Mimi."

Marehemu aliurudisha ukucha kwenye jiwe. "Linaweza," alisema. Halafu, kama mtu aliyeonewa: "Mama watoto, kumbe unajua. Mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini?"

Kuanzia hapo, kila siku saa nne asubuhi, dawa ikishafanya kazi, mama alikaa kwenye kigoda kando yake na kunoa. Marehemu hakuwa akiangalia. Alifumba macho na kusikiliza. Wembe ulazwe, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Usukume kwa uzito wake wenyewe. Ugeuze kwa mgongo. Hayo yote aliweza kuyasema, na alikuwa ameyasema kwa shemeji na kwa mwana, na wote wawili waliyaandika. Kati ya kuyajua na kuyafanya hakuna aliyejua kuna nini, na yeye aliyejua hakuwa na mikono ya kuonyesha.

"Umebonyeza," alisema, macho yamefumbwa.

"Sijabonyeza."

"Umebonyeza, mama watoto."

"Basi njoo unoe wewe."

Walikuwa wakiyasema haya kwa upole sana, kama watu wengine wanavyosalimiana.

Mwishoni mama aling'oa unywele, ambao sasa ni mweupe, na kuugusisha kwenye makali. Septemba hakuna uliokatika. Oktoba hakuna. Mapema Desemba mmoja ulianguka, na mama alidhani ni upepo, akaufunga mlango na kujaribu upya. Wa pili haukuanguka. Januari ilikuwa mmoja kati ya watano. Wiki ya kwanza ya Februari, mmoja kati ya watatu. Mwana alisema hapo panatosha, mzee anyolewe. Marehemu alitikisa kichwa, na safari hii hakuna aliyedai ni ugonjwa. Alihitaji ukatike kila unywele. Mama alikadiria miezi miwili zaidi. Muuguzi wetu alimsikia mama akitaja miezi miwili, akatoka nje akasimama uani.

Jumanne tarehe 20 Februari 2024 marehemu alilazwa kwa homa ya mapafu. Mama alikwenda na mfuko wenye jiwe, wembe na ukanda. Msimamizi wa wodi alisema wembe hauingii. Binti alizungumza naye kama muuguzi kwa muuguzi, akajibiwa kama muuguzi kwa muuguzi: hauingii. Alichoruhusiwa ni jiwe, kwa kuwa hakuna kanuni inayotaja jiwe. Likawekwa juu ya shuka chini ya kiganja chake cha kulia. Kidole gumba kiliendelea kutembea juu yake, hatujui kwa makusudi au vipi. Tulikaa. Daktari alibadilisha dawa mara mbili na kutueleza kwa uungwana kila alichokuwa anakijaribu. Shemeji alikuwa na kitabu, hakukifungua.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa amebakiza siku sita atimize miaka sabini na mitatu. Mkewe, binti na mwana walikuwepo.

Alhamisi mama alikwenda chumba cha kuhifadhia maiti. Mhudumu wa pale, ambaye familia inamshukuru, alisema utaratibu unampa dakika arobaini, akampa saa moja na nusu. Mama alikuwa amenoa tangu asubuhi. Kabla ya kuanza alijaribu unywele, na haukukatika, akajaribu mwingine na ukakatika, akasema basi. Alipaka sabuni. Alianza shavu la kulia. Miaka miwili na miezi mitatu ya ndevu si kazi ya wembe wa mwanafunzi, hata zikishapunguzwa kwa mkasi. Wembe ulikuwa unavuta. Sisi tuliokuwa pembeni tuliusikia. Marehemu hakusema kitu. Katika miaka arobaini na saba ya ndoa ilikuwa mara ya kwanza jambo kufanywa vibaya mbele yake naye akanyamaza, na hapo ndipo mama alipolia, hakulia kabla ya hapo.

Shavu la kulia lilikwisha. Ni safi. Mwana alilipitishia kidole na kukiri kwamba mashine yake isingelifikisha pale. Lakini makali nayo yalikuwa yamekwisha, na muda pia, na kurudisha makali kwa mikono ya mama kungehitaji siku nyingine nzima ambayo hatukuwa nayo. Mhudumu, kwa wema, alifungua droo na kutoa kiwembe cha plastiki kipya, kikiwa bado kwenye karatasi yake. Alisema ni dakika tano. Alisema hakuna atakayejua.

Mama alikiangalia kile kiwembe muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia afanye nini, na hatuna hakika tungemwambia nini.

"Hapana, mwanangu," alimwambia mhudumu. "Aliagiza."

Akamfuta sabuni iliyobaki, akaukunja wembe.

Kwa hiyo mtakaopita kumuaga leo mtaona upande mmoja umenyolewa na upande wa pili una ndevu. Msimlaumu mhudumu. Marehemu aliacha maombi mawili: tumetimiza nusu ya la kwanza, na la pili lote. Familia ilijitahidi kwa kila ilichokuwa nacho, na ilichokuwa nacho ndicho mnachokiona.

Marehemu ameacha mjane, fundi cherehani, binti mmoja, muuguzi, na mume wake, mwana mmoja, kinyozi, na mke wake, wajukuu watano, dada mmoja, mkubwa wake, ambaye hali yake haikumruhusu kusafiri, na shemeji mmoja.

Mungu ampe pumziko, na yeye atusamehe shavu la kushoto.